Vimito vya Uzi Mwekundu

Karakanani, 12 Januari

Mama Chiriku mpenzi,

Hii ni barua yangu ya kwanza tangu upande ndege, na usiniulize kwa nini. Unajua mwenyewe. Jumapili nilishika simu nikasema, "Haloo, mke wangu," na kabla sijafika kwenye "habari za masomo," binti yako akaninyang'anya. Akakueleza habari za paka wa jirani, jino la mwalimu na wimbo wa shule mpaka salio likaisha. Jina la Chiriku hatukumpa bure. Kwa hiyo tugawane: simu iwe yake, barua ziwe zetu wakubwa.

Sasa lenyewe. Muuguzi wa shule aliniita. Amewapima watoto wote uzito, na Chiriku ni mwepesi kuliko wenzake wa umri wake. Si mgonjwa, amemkagua vizuri, hali tu. Mwalimu wake akaongeza kwamba mkate ninaomfungia hauliwi. Anaufungua, anautazama, anaufunga. Juisi za pakiti wamezikataza, wanataka mtoto aje na chakula cha maana, chenye mboga na kitu cha kujenga mwili. Nilisimama pale na futi yangu ya kupimia makochi shingoni, masikio yakiniwaka moto kwa aibu.

Ningelimeza peke yangu, ila mama mkwe amelisikia. Nani kamwambia? Chiriku, nani mwingine. Kesho yake alikuwa mlangoni kwangu, mtandio umemfunika mpaka puani, hataki hata chai. Akafungua kabati, akakuta mikate, mayai na soda. "Wewe baba," akasema, "mwisho utamlisha mtoto sponji za makochi." Kisha akatoa hukumu: muhula ukiisha watoto watapimwa tena. Asipoongezeka, anamchukua akakae kwake, na shule atambadilishia huko huko. Nilitaka kubisha, lakini mbele ya mama mkwe ulimi wangu hufa ganzi.

Mke wangu, nyumba hii bila wewe naiweza. Bila wewe na bila yeye siiwezi. Kochi la aina yoyote niletee nitalivisha, ila jikoni najua mkate na mayai tu. Nifundishe.

Anayekungoja,
Fundi wa Makochi


Chumba cha juu, kwa mwenye nyumba wangu, 27 Januari

Baba Chiriku,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Kwanza nikalia. Halafu nikashuka jikoni.

Nilikwambia kuhusu mama mwenye nyumba, yule anayemfungia mjukuu wake chakula cha shule kila asubuhi? Tangu nifike nimekuwa nikimtazama huku nangoja maji ya chai yachemke, na nilikuwa naona ni maajabu ya kutazama tu. Leo nilimwonyesha picha ya Chiriku, nikainua kidole cha mwisho kumwonyesha alivyokonda. Akaelewa bila neno. Akanivika aproni yake, akanisogezea kisu.

Baba Chiriku, mbona ni rahisi! Mtoto hula kwa macho kwanza, kwa hiyo ndani ya kikasha chake cha chakula kusiwe na rangi moja. Weka karoti, mboga ya kijani, yai la manjano, na kila kitu kikatwe cha kuingia mdomoni mara moja. Yai lipige na chumvi kidogo, limwage kikaangoni jembamba, liviringishe, umwage tena juu yake na kuviringisha tena, kisha likate vipande. Wali ufinyange matonge madogo ukiwa na joto, uyagaragaze kwenye ufuta uliokaangwa. Kuku mpike kwa tangawizi, sosi ya soya na asali kijiko kimoja. Tangawizi kidogo, tafadhali, usimchome mtoto.

Kisha kuna tofu, ambayo ni maziwa ya soya yaliyogandishwa kwa limau na kukandamizwa. Na kuna vifuko vya unga vyenye kabichi na nyama ya kusaga ndani, vinapikwa kwa mvuke. Ukila kimoja unafunga macho. Maelezo yote nimeyaandika nyuma ya karatasi hii na michoro juu, maana nakujua, wewe bila mchoro hukati kitambaa.

Sasa nisikilize, nitalisema mara moja. Muhula ukiisha na mtoto hajaongezeka, mama hatamchukua, kwa sababu mimi nitakuwa nimerudi. Mtihani ni Julai, na asiyeufanya hapati cheti wala nafasi nyingine. Basi na iwe. Siwezi kukaa huku nikijifunza kuwatengenezea watu meno ya bandia ilhali mwanangu hana anachotafuna.

Osha mikono, washa jiko.

Mkeo,
Mama Chiriku


Karakanani, 14 Februari

Mama Chiriku,

Keti kwanza. Umekaa? KIKASHA KIMERUDI KITUPU!

Ngoja nianze mwanzo. Jumamosi nilifunga karakana mapema, nikanunua kila ulichoandika. Yai nililiviringisha siku hiyo hiyo, kuviringisha si ndiyo kazi yangu? Tofauti ni kwamba kitambaa hakiungui. Yaliyoungua niliyala mimi. Kwenye kuku Chiriku alilamba mwiko.

Tofu ndiyo iliyonitoa jasho. Niliposaga soya, nikachuja kwa kitambaa kipya cha pamba, nikachemsha na kukamulia limau, maziwa yakakatika mbele ya macho yangu nikaruka. Ukasema nikandamize kwa kitu kizito. Mimi nina jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, basi nikaweka tofu katikati ya vibao safi nikakaza. Nikakaza tena, fundi haachi kitu kimelegea. Kilichotoka kilikuwa soli ya kiatu. Ya pili niliikaza kwa adabu. Ikatoka nyeupe, laini, ukiibonyeza inarudi. Mama mkwe alisema nitamlisha mtoto sponji, na kweli, sponji hii hapa na inalika!

Vile vifuko vya mvuke nimeviita vimito, kwa kuwa ni mito midogo iliyojazwa kabichi. Vilinitesa. Nabana kwa vidole, naweka kwenye mvuke, vinafunguka, kabichi inaogelea. Nikajiuliza, mimi niliyeshona makochi ya nusu ya mji huu, nishindwe na mto wa ukubwa wa yai? Nikachukua sindano mpya nikaichemsha. Nikachukua uzi mpya wa pamba, mwekundu ili uonekane, nikauchemsha mpaka ukaacha kutoa rangi. Nikavishona. Kila kimito nilikiwekea mshono mlegevu na mkia mrefu. Ukivuta mkia uzi wote unatoka, halafu unakula.

Usinipigie kelele, nimefikiria. Nilimwekea Chiriku sharti: nyuzi zote zirudi ndani ya kikasha, nijue hakumeza hata mmoja. Jioni akarudi anakimbia. Nyuzi zote zimo, na zaidi ya nyuzi hamna kitu, hata punje ya wali! Na tangu hapo ni kitupu kila siku. Siku hizi naamka kabla ya jogoo, nawasha jiko, naimba. Majirani wanadhani nimepata mke mwingine.

Mwambie mwenye nyumba wako ana mwanafunzi huku. Na wewe kaa hapo hapo, tengeneza meno.

Mumeo,
Fundi wa Makochi na Vimito


Chumba cha juu, 1 Machi

Baba Chiriku,

Vimito havishonwi!

Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma. Nilijaribu kumweleza mama mwenye nyumba kwa ishara, nikashika sindano isiyokuwepo, nikashona kimito hewani, nikavuta uzi. Alinitazama, akatazama kimito kilichokuwa mkononi mwake, akaketi sakafuni palepale na aproni yake, akicheka mpaka machozi. Sasa kila asubuhi ananiuliza habari zako. Anakuita "yule wa sindano."

Chukua maji kwa ncha ya kidole, paka ukingo wa unga, kunja, kisha bana marinda madogo madogo kuzunguka, kama unavyofanya kwenye mto wa duara. Marinda unayajua kuliko mtu yeyote. Yatashika yenyewe. Lakini kama kwa uzi anakula, basi shona, usivuruge jambo linalokwenda. Jioni jaribu tambi za mboga: karoti, kabichi, pilipili hoho, moto mkali na mkono mwepesi. Mle pamoja mezani, si yeye mezani na wewe umesimama jikoni. Nakujua.

Ila nina swali. Umeniandikia kikasha, hukuniandikia mtoto. Mashavu yake yakoje? Sketi ya shule bado inamzunguka kiunoni? Niandikie hilo.

Mkeo


Nyumbani, 3 Machi

Mama shikamoo,

Mimi sijambo na baba hajambo na paka wa jirani amezaa. Hii barua ni siri, atakayenipelekea posta ni bibi lakini hajui nimeandika nini kwa sababu nimeifunga kwa gundi ya makochi ya baba, ile kali.

Mama, shule nzima wanapenda chakula chako! Siku ya kwanza nilipofungua kikasha wote walikuja wakasema, nini hiki? Nikasema ni chakula cha huko aliko mama yangu. Wakasema, mama yako yuko wapi? Nikaanza kuwaambia. Zamani nikisema habari zako walikuwa wanasema, ah, Chiriku, umeanza, nyamaza. Sasa hawasemi. Anayetaka kimito lazima kwanza asikilize habari moja ya mama mpaka mwisho, ndipo nampa, na yeye mwenyewe anavuta uzi. Wanapanga foleni. Hata wa darasa la juu walikuja, mmoja akalia kwa sababu vilikuwa vimeisha.

Mimi nakula lile yai la pembeni lililovunjika, na wali ukibaki. Haubaki sana. Njaa siisikii nikiwa naongea, naisikia tukirudi darasani.

Shida ni moja tu, habari za kweli zimeniisha. Nilishawaambia meno, mwenye nyumba, na ngazi yako inayolia ukikanyaga. Kwa hiyo juzi nilisema ulimtengenezea tembo jino akakushukuru kwa mkonga. Jana nikasema umetoka kwenye gazeti. Tafadhali niletee za kweli nyingi, maana nikidanganya tumbo linaniuma, sijui ni uongo au ni ile njaa.

Nyuzi pia hawarudishi tena, wanafunga mkononi. Baba nimemwambia zimepeperushwa na upepo.

Usimwambie baba. Akiona kikasha kitupu anacheza, anazunguka na mwiko. Nikila mimi, vitakwisha na hakuna atakayenisikiliza. Nikirudi navyo, baba ataacha kuimba. Kwa hiyo ni afadhali hivi.

Mimi mwanao,
Chiriku


Chumba cha juu, 18 Machi

Chiriku wangu, mwanangu,

Marahaba, na tena marahaba. Barua yako niliifungua kwa kisu, baba yako ana gundi nzuri.

Nimeisoma mara nyingi. Nimefurahi kwamba unasimulia habari zangu. Hujui jinsi nilivyofurahi, maana mimi nilidhani siku moja mtaanza kunisahau. Lakini kile chakula, mwanangu, nilikituma kwa ajili ya tumbo lako. Habari zangu zigawe kwa yeyote, hata kwa paka na watoto wake. Chakula ni chako. Msimuliaji gani anasifia kitu ambacho hajakila? Kuanzia leo, vimito vya kwanza, mpaka ushibe, ni vyako, mdomo umefungwa, unatafuna. Anayetaka habari atangoja. Habari tamu watu huingoja.

Siri yako sitampelekea baba. Utampelekea wewe mwenyewe, na usiogope kuhusu kuimba kwake. Baba yako aliimba kabla hatujakuzaa.

Na habari ya kweli hii hapa. Juzi alikuja mzee mmoja kuvalishwa meno niliyoyatengeneza mimi, yangu ya kwanza kabisa. Mwalimu alisimama pembeni. Mzee akavaa, akajitazama kwenye kioo. Halafu akatoa tufaha mfukoni. Alikuwa amekuja nalo! Akaling'ata, krap, darasa zima tukapiga makofi, na yeye akalila lote mpaka kikonyo, hataki kuongea na mtu. Hiyo ni kweli tupu. Wasimulie hiyo, ukishashiba.

Mama yako


Chumba cha juu, 18 Machi

Mama, shikamoo,

Umeshinda. Narudi.

Kikasha ambacho mkweo anajivunia kinarudi kitupu kwa sababu mtoto anagawa chakula chote. Anawanunua wenzake wamsikilize akiniongelea. Mama, nimeisoma hiyo nikaona masomo yote haya hayana maana. Nimeongea na mwalimu wangu. Amenisihi, amenipa mpaka mwisho wa Aprili ndipo alifute jina langu kwenye mtihani. Nitakwenda kulifuta, nikate tiketi.

Fundi usimwambie, atalia. Chiriku usimwambie, atatangaza mpaka kwa majirani wa majirani. Na siku nikifika sitaki kusikia "nilikwambia." Ulinikataza kuja huku, nilikuja. Sasa narudi, tuyaache hapo.

Binti yako


Karakanani, 22 Machi

Mama Chiriku,

Nimejua. Na kabla hujashika kichwa, soma mpaka mwisho, maana mwisho wake ni mzuri!

Jumatatu niliitwa shuleni kukarabati kochi la chumba cha walimu. Nimepiga magoti, mdomo umejaa misumari, kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wakapita dirishani. Mmoja amefunga uzi mwekundu mkononi. Nikasema huo uzi naufahamu. Akapita wa pili, wa tatu, wana nyuzi. Akapita mmoja nyuzi zimemjaa kama amevaa bangili za harusi. Wote, Mama Chiriku, darasa zima! Mwisho akapita binti yetu, anaongea, mikono inarukaruka hewani. Mikono mitupu.

Nilitema misumari. Nilikaa chini kwenye kochi lisilo na mto, nikajisikia mjinga. Wiki zote hizo naimba, nacheza na mwiko, na mtoto anashinda na njaa ili mimi nisiache kuimba. Maana ndivyo alivyosema nilipomuuliza. Alijificha chini ya meza ya kukatia vitambaa, akaniambia toka kule chini:

"Baba, nikila vitaisha. Vikiisha nani atanisikiliza habari za mama?"

Nikaingia na mimi chini ya meza. Nikamwambia, "Nisimulie mimi." Akasema, "Wewe unazijua zote." Nikamwambia sizijui, mama yako akipiga simu mimi sipati hata dakika. Akacheka. Basi akanisimulia, tukiwa humo humo, mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Hata ya tembo alinisimulia.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu. Nikamwambia masikio ya watoto hayawezi kununuliwa kwa vimito, niachie darasa siku moja. Mama Chiriku, hukuwepo! Ijumaa nimeingia na masufuria, kabichi imeshakatwa, unga umeshakandwa. Watoto wakaosha mikono. Nikawaonyesha yale marinda ya maji uliyoniandikia, na kweli, yakashika! Hakuna uzi hata mmoja. Kila mtoto akafunga vyake, vingine vina sura ya sikio, vingine sura ya kiazi, sikucheka hata kimoja. Na vilipokuwa kwenye mvuke, mwalimu akamwita Chiriku mbele. "Haya," akasema, "tuambie mama yako yuko wapi na anafanya nini. Sote tunasikiliza."

Alisimama akanyamaza. Chiriku! Nilidhani ameugua. Halafu akaanza, na akawa haachi. Alikiri kwamba tembo alimtunga, na wakamwomba arudie ya tembo. Mpaka mfuniko ukaanza kurukaruka. Tukala sote, kila mtu vyake, na yeye alikula vyake vyote akaomba vya mwalimu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, machozi yananitoka, nikasingizia mvuke.

Sasa mwalimu amempa Chiriku nafasi kila Jumatatu asubuhi atoe habari za mbali. Wazazi wananisimamisha barabarani kuniuliza tofu. Mmoja ameniletea kochi kwa kisingizio tu, alitaka mchuzi wa tangawizi. Na kikasha hakirudi kitupu tena, kinarudi na kipande cha karoti, na nikikiona hicho kipande nafurahi kuliko nilivyofurahi zamani.

Kupima ni karibu sana. Sijui siku chache zinamnenepesha nani. Akipungukiwa nitapiga magoti mbele ya mama mkwe, nitamwomba. Ila wewe usirudi. Nakuomba, kwa mapenzi yote niliyo nayo, usirudi kabla ya mtihani.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani kwako, 5 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mimi si mtu wa kuandika, kwa hiyo usinihesabie makosa.

Jana muhula umekwisha. Nilikuja na kikapu kitupu cha kutilia nguo za mtoto, nikaongozana nao mpaka kwa muuguzi. Mumeo alikuwa amevaa shati la harusi yenu, sijui alidhani litasaidia nini. Mtoto akapanda mizani. Muuguzi akasema ameongezeka, lakini kidogo. Bado ni mwembamba, akasema, ila sasa anapanda, mwendelee hivyo hivyo.

Kidogo. Ningeweza kulishika neno hilo, na nilikuja kwa ajili hiyo. Nikamtazama mumeo. Vidole vimeungua, vimechomwa sindano, kucha zina unga. Hakuniomba. Alitaka kupiga magoti nikamwambia asimame, watu wanatazama. Nikasema twende nyumbani, nitaamua nikishaona mnakula nini.

Akapika tambi za mboga. Akapika na ile tofu kwenye mchuzi wa tangawizi, akaikata vipande vidogo akanipakulia bila kuniuliza. Nilitaka kukataa kama siku zote. Harufu ikanishinda. Nikala.

Mwanangu, sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu. Meno yangu yamekwisha. Yalianza kutoka mwaka ule ulipokuwa unafunga mizigo, na ulipokwisha kuondoka yakatoka mengine. Kwa nini unadhani hunioni bila mtandio usoni, na chai ya watu siinywi? Naona aibu. Nimekuwa nikiishi kwa uji, nikija kwa watu nasema nimeshiba. Jana nilikula tofu sahani nzima, na nyingine, na Chiriku akaacha kuongea kunitazama. Katika familia hii mtu aliyekuwa hali chakula ni mimi.

Nilikasirika ulipoondoka. Nilisema moyoni, binti yangu anakwenda kuwahangaikia watu asiowajua, na mimi mama yake nafunika mdomo. Sikukwambia. Nilidhani nikimchukua mtoto utarudi mbio, na ulikuwa unarudi. Barua yako niliposoma "umeshinda" sikufurahi hata kidogo. Nililia, na si kawaida yangu.

Baada ya chakula mjukuu wangu alinisomea ile habari ya mzee na tufaha. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, mumeo akatoka nje kwa heshima, nafikiri alinielewa.

Kikapu nimekirudisha kitupu. Mtoto anabaki na baba yake, na mimi nitakuja kila jioni kula, nimeshamwambia mumeo aongeze sahani. Nenda kwa mwalimu wako kesho asubuhi, mwambie hufuti jina. Soma, fanya mtihani, ushike cheti mkononi. Halafu uje unipime kinywa changu, wewe mwenyewe. Mtu mwingine simfungulii.

Mama yako